Kompyuta ya Chogo Bado Ina Kazi: Jinsi ya Kuweka NetBSD kwenye Pentium ya Zamani

Maswali ni yale yale. Anakuja mtu na kasha la kijivu begani, kalitoa stoo kwa mjomba wake Sengerema au kalinunua soko la Mlango Mmoja kwa bei ya kutupa, analitua mezani kwangu na kuuliza: fundi, hii inakubali Windows 11? Haikubali. Basi nikaiuze kwa wa vyuma chakavu? Ngoja kwanza. Wiki mbili baadaye yule yule anapiga simu usiku: fundi, kioo kimekuwa cheusi kina maandishi meupe tu, imeharibika? Haijaharibika. Inakusubiri uandike.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja. Nakuandikia wewe ambaye hujawahi kugusa Unix (ukoo wa mifumo ya kompyuta inayoendeshwa kwa kuandika amri), una kompyuta ya mezani iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2002 hivi, unaishi Mwanza au popote kandokando ya ziwa ambako umeme unaweza kwenda na kurudi mara tatu kabla ya chakula cha mchana, na intaneti yako ni bando la simu. Tutaweka mfumo wa kuendeshea kompyuta unaoitwa NetBSD, mahali pa Windows.

Kwa nini huo? NetBSD ilianza 1993, imetokana na Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na watengenezaji wake wana ukaidi ninaoupenda: hawapendi kuacha mashine nyuma. Inakwenda kwenye Amiga, Atari, VAX, hata Dreamcast ya Sega ambayo iliuzwa kwa ajili ya michezo. Linux kubwa nyingi zimeanza kuzifungia mlango prosesa za biti 32. Debian 13 ya mwaka 2025, mojawapo ya Linux hizo, haina tena kisakinishi (programu ya kuuweka mfumo) cha prosesa hizo. NetBSD ya i386, yaani ile ya prosesa za biti 32 za ukoo wa Intel, inataka prosesa ya 486 au iliyo juu yake, basi. Nadharia imeishia hapo.

Jambo moja tulimalize mapema ili tusilaumiane: hutaangalia YouTube humu. Vivinjari vya kisasa vinataka prosesa yenye SSE2 (amri za ziada za hesabu), na Pentium III haina. Utapata mashine ya kujifunzia Unix halisi, ya kuandikia, ya kuprogramu kwa lugha ya C, na ya kuhudumia kurasa ndogo kwa kompyuta na simu za nyumbani. Mimi yangu ni Pentium III ya MHz 733 yenye RAM ya MB 256, na mwongozo huu nimeuandikia humo humo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenyewe. Pentium, Pentium II, Pentium III, Celeron au AMD K6, zote zinakubali. RAM ya MB 64 itakwenda kwa kujikongoja, MB 128 ni raha, MB 256 wewe ni tajiri.
- Diski ya IDE (ile inayoungwa kwa waya bapa mpana) ya GB 4 au zaidi. Usikimbilie kubwa: BIOS (programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoiamsha kompyuta) nyingi za zamani hazioni zaidi ya GB 137, nyingine zinagota GB 33, na za kabla ya 1998 hivi zinagota GB 8.4. Diski ya GB 20 au 40 haina ugomvi na mtu.
- Kisomea CD kinachosoma kweli, na CD tupu mbili. Moja utaiharibu.
- Kibodi ya PS/2, ile yenye plagi ya duara. Kibodi ya USB inaweza kukataa ukiwa ndani ya BIOS, mahali ambapo unaihitaji kuliko kote.
- Betri mpya ya CR2032. Wauza saa wanayo.
- Simu ya Android na waya wake wa USB, au rauta yenye tundu la waya wa mtandao.
- Bisibisi ya nyota, brashi ya kupakia rangi iliyo kavu na safi, ufutio wa penseli.
- Kompyuta nyingine ya kupakulia faili na kuchomea CD. Kama huna, nenda steshenari, lakini uwe umesoma hatua ya 3, kwa sababu wengi watakuchomea vibaya kwa nia njema.
- UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika. Ukiniambia huna hela ya UPS nitakuelewa, ila sehemu ya mwisho ya mwongozo huu uisome mara mbili.

Kabla ya kuwasha chochote

Hapa ndipo wengi wanaparuka, na hapa ndipo nusu ya matatizo yanayoletwa kwangu yalipozaliwa. Mtu anasema NetBSD imegoma, kumbe RAM imeshika kutu.

Geuza kasha uangalie nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme. Pawa saplai nyingi za zamani zina kaswichi kekundu kenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni wa voti 230. Mashine ya mitumba iliyotoka Marekani huwa imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo hivyo itakulipukia. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na haraka nikachomeka bila kuangalia. Ulitoka mlio kama fataki, moshi, na mwenye mali amesimama pale pale ananitazama. Nililipa. Sogeza kaswichi kwenye 230 ndipo uendelee. Kama hakapo, soma kibandiko: kikisema 100 hadi 240, uko salama.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki utoke, kisha fungua kasha. Ndani utakuta vumbi, na kama mashine ilikuwa inafanya kazi usiku karibu na ziwa utakuta na wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi. Wanafuata mwanga, wanaingia kwenye feni, wanafia humo na kuganda na vumbi kama zulia. Waondoe kwa brashi, taratibu. Feni ishike kwa kidole wakati unaisafisha isizunguke. Pawa saplai yenyewe usiifungue: ndani yake kuna kapasita zinazokaa na chaji hata baada ya kuchomoa waya, na chaji hiyo inaua.

Sasa tazama kapasita za kwenye mazabodi, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Kichwa cha kila kimoja kiwe bapa. Kikiwa kimevimba au kimetoa uji wa kahawia, mashine itakuwa inazima ovyo, na hakuna mfumo utakaokusaidia. Mazabodi za mwaka 2000 na miaka iliyofuata ndizo zenye ugonjwa huu zaidi. Fundi wa redio anaweza kubadilisha, mradi asikosee upande wa chanya na hasi.

Toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio hadi yang'ae, pangusa, rudisha hadi viklipu vya pembeni vilie. Unyevu wa huku kwetu hauyaonei huruma meno hayo. Kwa hatua hii peke yake nimefufua mashine ambazo wenyewe walishazifanya stuli.

Badilisha betri. Washa, ingia kwenye BIOS: nyingi ni kitufe cha Delete, Dell ni F2, Compaq mara nyingi ni F10. Humo fanya mambo manne.

Kwanza, hakikisha diski na kisomea CD vinaonekana. Visipoonekana, kagua waya bapa na vile vijampa vya nyuma: kama viko kwenye waya mmoja, kimoja kiwe "master" na kingine "slave". Pili, CD iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwakia. Tatu, ukikuta "PnP OS Installed" weka "No". Nne, saa. NetBSD inachukulia kuwa saa ya BIOS ni ya UTC, saa ya kimataifa, yaani iko nyuma ya Mwanza kwa saa tatu. Kwa hiyo ikiwa sasa ni saa nane mchana, mashine ungeizoea iandike 14:00, wewe andika 11:00. Najua inachanganya, sisi tayari tunaishi na tofauti ya saa sita kati ya mdomo na ukuta, sasa unaongezewa nyingine ya tatu. Fanya hivyo hivyo tu.

Kazi yenyewe

1. Pakua faili. Nenda cdn.netbsd.org, fungua pub, kisha NetBSD, kisha NetBSD-10.1, kisha images, chukua NetBSD-10.1-i386.iso. Toleo hilo lilitoka Desemba 2024. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuchukua amd64 kwa sababu wana prosesa ya AMD. Hapana: amd64 ni ya mashine za biti 64, yako ni i386 hata kama imeandikwa AMD kwa herufi kubwa kama bango la kampeni. Angalia ukubwa wa faili kabla ya kutumia bando; CD inabeba MB 700.

2. Hakiki kwamba faili limefika zima. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda hiyo uandike:

certutil -hashfile NetBSD-10.1-i386.iso SHA512

Linganisha herufi unazopewa na zile zilizo kwenye faili la SHA512 kule ulikopakulia. Zikitofautiana hata moja, pakua upya. Bando la usiku lililokatika katikati linaacha faili lenye sura nzuri na tumbo bovu.

3. Choma CD. Programu yako ya kuchomea iambie unachoma picha ya diski, usiburute faili na kulidondosha kama wimbo. Ukimaliza fungua CD hiyo: ukiona faili moja lenye jina linaloishia na iso, imechomwa vibaya. Ukiona mafolda, umepatia. Tumia kasi ya chini kabisa inayopatikana, maana visomea CD vya miaka ishirini na tano macho yao yamechoka.

4. Weka CD, washa upya. Utaona menyu fupi. Acha iendelee na chaguo la kwanza. Maandishi yatapita kwa kasi, ya kijani na meupe. Ni mashine inajitambulisha kwa vifaa vyake, acha imalize. Ikikwama hapo zaidi ya dakika tano, zima, rudia, chagua mstari wenye maneno "no ACPI". Mashine za kabla ya 2000 mara nyingi zinataka hivyo.

5. Kisakinishi kitakuuliza lugha. Kiswahili hakimo, chagua Kiingereza. Kibodi chagua ile ya Marekani kama herufi za juu kushoto ni QWERTY. Panya hafanyi kazi humu, tumia mishale na Enter.

6. Chagua "Install NetBSD to hard disk". Ukiulizwa kama uendelee, jibu ndiyo. Hapo bado hakijafutwa kitu.

7. Chagua diski. Diski ya IDE inaitwa wd0. Ukiona sd0, hiyo ni flashi uliyoisahau kwenye tundu. Ichomoe sasa. Nasema sasa, kwa sababu nimeona mtu akifuta picha za harusi ya dada yake.

8. Kwenye mpangilio wa patisheni (mgawanyo wa diski) chagua MBR. GPT ni ya mashine mpya; BIOS ya zamani inaweza kuikodolea macho tu. Jiometri ya diski ikubali kama ilivyo, kisha chagua kutumia diski yote. Sishauri mwanafunzi wa kwanza aigawane diski na Windows 98 iliyomo. Kama unaipenda hiyo Windows, tafuta diski nyingine.

9. Ukubwa wa patisheni ukubali ule wa kawaida, ila tazama sehemu ya "swap": kama RAM yako ni MB 64 au 128, swap iwe mara mbili ya RAM. Hiyo ndiyo akiba ya mashine ikielemewa.

10. Litakuja onyo la mwisho. Ukijibu "Yes" hapa, kila kilichokuwa kwenye diski kimekwenda. Vuta pumzi, jibu.

11. Kuhusu kiwashio, chagua "Use BIOS console".

12. Utaulizwa uweke mafungu gani. Kwa RAM chini ya MB 128 chagua "Installation without X11". Hapo hutapata madirisha wala mshale wa panya, na kwa maoni yangu hupotezi kitu: X kwenye kadi ya video ya MB 4 ni mateso. Kama una RAM ya MB 256 na diski ina nafasi, chukua "Full installation". Usichague ile ndogo kabisa, utakosa kompaila ya C na kurasa za man (maelezo ya amri yaliyomo ndani ya mashine), na hizo ndizo mwalimu wako.

13. Chanzo ni CD. Sasa kaanike nguo. Kwenye mashine yangu ilichukua muda wa kutosha kwenda Kirumba kununua sato na kurudi.

14. Faili zikishaingia itakuja menyu ya marekebisho. Hapa shughulikia haya:

Nenosiri la root, yaani la mtumiaji mkuu. Ukiandika hakuna nyota zitakazoonekana. Hiyo siyo hitilafu. Andika tu kisha Enter. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Saa za eneo: tafuta Africa/Dar_es_Salaam.

Mtumiaji wako wa kawaida: mwongeze, na ukubali aingie kwenye kundi la wheel. Bila wheel hutaweza kuwa root kwa amri ya su.

Mashine inaweza kulalamika kuwa haina namba za kubahatisha za kutosha kutengenezea funguo za siri. Prosesa za zamani hazina kifaa cha kuzizalisha. Chagua kuandika mwenyewe, kisha piga kibodi ovyo kama mtoto, mstari mzima.

Washa sshd (huduma ya kuingilia kwa mtandao) kama unataka kuiingia kutoka kompyuta nyingine. Mengine acha.

15. Toka kwenye menyu, chagua kuwasha upya, toa CD. Ikiwaka na kukuletea neno "login:", umemaliza kazi ngumu. Andika jina la mtumiaji wako.

Siku ya kwanza ndani ya NetBSD

Jifunze kuzima kabla ya kujifunza kitu kingine. Andika su -, weka nenosiri la root, kisha:

shutdown -p now

Usichomoe waya. Windows 98 ilikuzoeza hivyo, hapa uache.

Sasa intaneti. Kama una kadi ya mtandao, andika ifconfig -a uone jina lake. Kadi ya Realtek 8139, iliyojaa madukani wakati ule, itaitwa rtk0. Ya Intel Pro/100 ni fxp0. Ya 3Com 905 ni ex0. Kama huna kadi, chomeka simu ya Android kwa waya, uingie kwenye mipangilio ya simu na kuruhusu kugawa intaneti kwa USB. NetBSD itaitambua kama urndis0. Tundu la USB la mashine hizi ni la kasi ya zamani, lakini kwa maandishi linatosha. Kama root:

dhcpcd urndis0

Weka jina la kadi yako badala yake. Kwa kadi ya kudumu, fungua /etc/rc.conf kwa vi, programu ya kuandikia maandishi, na ongeza mstari dhcpcd=YES ili ijiunge yenyewe kila ikiwaka. Vi itakutesa siku mbili: bonyeza i ndipo uandike, Esc ukimaliza, kisha :wq kuhifadhi na kutoka, au :q! kukimbia bila kuhifadhi. Siku ya tatu utaanza kubonyeza Esc hata kwenye simu.

Tazama saa kwa amri date kabla ya kupakua chochote. Tarehe ikiwa ya mwaka 2000, vyeti vya usalama vya tovuti vitakataliwa na utadhani mtandao mbovu. Rekebisha hivi, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, saa na dakika:

date 202601151430

Kisha leta programu za ziada:

PKG_PATH="https://cdn.NetBSD.org/pub/pkgsrc/packages/NetBSD/$(uname -m)/$(uname -r)/All"
export PKG_PATH
pkg_add pkgin
pkgin update
pkgin install nano lynx

Nano ni ya kuandikia kwa wasioiweza vi, lynx ni kivinjari cha maandishi matupu. Kwa bando la MB 500 utasoma habari kwa lynx mpaka uchoke, maana hailipi picha wala matangazo. Angalia tu pkgin inasema itapakua ukubwa gani kabla ya kukubali. Ukiiambia ilete kitu kikubwa itakuletea na ukoo wake wote.

Madirisha mengi ndani ya kioo kimoja unayapata kwa tmux, tayari imo. Michezo iko /usr/games, jaribu tetris. Na andika man afterboot, ni orodha nzuri ya mambo ya kukagua kwenye mashine mpya.

Ukitaka kuona mashine ikifanya kazi ya maana, weka httpd=YES kwenye /etc/rc.conf, andika faili index.html ndani ya /var/www, kisha service httpd start. Fungua anwani ya mashine hiyo kwa simu iliyo kwenye rauta ileile. Jirani yangu anayeuza dagaa jumla anaandika bei za siku hivyo, na vijana wake wanaziona kwenye simu wakiwa stoo. Mashine iliyotaka kwenda kwenye vyuma chakavu.

Ikigoma

*CD inaanza kusoma kisha inatoa makosa.* Choma nyingine kwa kasi ndogo zaidi, ya aina tofauti. Ikigoma tena badilisha kisomea. Njia ya mwisho: toa diski, iunge kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, sakinisha humo, rudisha. Ila huko diski iliitwa sd0 na ikirudi itaitwa wd0, kwa hiyo kagua /etc/fstab na kubadilisha majina.

*Inaanza kuwaka, kisha kioo kinakuwa cheusi au kinajaa mistari.* Kadi ya video imebadilishwa hali na chogo lako halikubali. Kwenye menyu ya kuwakia chagua kwenda kwenye boot prompt (mahali pa kuandika amri kabla mfumo haujaamka), andika boot -c, halafu disable radeon* kama kadi ni ya ATI au disable nouveau* kama ni ya Nvidia, halafu quit. Ikisaidia, fanya iwe ya kudumu kwa kuongeza kwenye /boot.cfg mstari huu:

userconf=disable radeon*

*Umeme ulikatika, sasa inasema niendeshe fsck, kikagua diski.* Hii utaikuta, si suala la kama bali lini. Inapokuomba shell (programu ya kupokea amri zako) bonyeza Enter, kisha andika fsck -y, subiri, kisha reboot. Usikatize hata ikichelewa. Ili isikusumbue mara kwa mara, tazama /etc/fstab: mstari wa diski uwe na rw,log. Neno log linaifanya diski itunze daftari la mabadiliko, na baada ya umeme kurudi inajisahihisha kwa sekunde badala ya dakika nyingi. Daftari hilo haliokoi barua uliyokuwa hujaihifadhi. Na kama umeme umerudi, subiri dakika kadhaa ndipo uwashe; ule unaorudi kwa kishindo ndio unaochoma pawa saplai.

*Nimesahau nenosiri la root.* Kwenye boot prompt andika boot -s. Ukipata shell:

mount -uw /
mount -a
passwd root
reboot

Ndiyo, mtu yeyote anayeweza kukaa mbele ya mashine anaweza kufanya hivyo. Kwa hiyo kama ni ya dukani, funga mlango.

*Inaandika wd0 na neno "uncorrectable".* Diski inakufa. Nakili vitu vyako leo, usingoje Jumamosi. Ikiandika "lost interrupt" kwanza badilisha waya bapa, mara nyingi ni huo tu.

*Su inasema "you are not listed in the correct secondary group".* Hukumweka mtumiaji kwenye wheel. Ingia kama root moja kwa moja, kisha usermod -G wheel na jina lake. Atoke na kuingia upya.

*Tarehe inarudi nyuma kila nikizima.* Betri. Ikiwa uliibadilisha, geuza uone kama uliiweka kichwa chini, maana tundu zake nyingi zinakubali pande zote mbili bila kulalamika.

*Inazima ovyo ikishapata joto.* Gusa lile dude la chuma la kupoza joto juu ya prosesa baada ya kuchomoa umeme. Likiwa limelegea, pesti ya kupitisha joto imekauka: futa ya zamani, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, funga tena. Likiwa sawa, rudi kwenye kapasita. Ukitaka uhakika kuhusu RAM, choma Memtest86+ kwenye ile CD yako ya pili na uiache usiku kucha.

*Nimeandika shutdown -p now, imeandika imesimama lakini feni bado zinazunguka.* Mashine yako ni ya AT, mtindo wa kale wa umeme wa kompyuta, haiwezi kujikatia umeme. Ukiona maandishi yanayosema ubonyeze kitufe chochote ili iwake upya, diski zimeshafungwa salama. Usibonyeze kibodi. Zima kwa swichi ya mbele.